Kwa nyinyi mliookoka juzi na roho bado iko huku na huku

Wadogo zangu, naandika hii usiku nimetoka kufunga kibanda Kongowea, nimechoka lakini haya maneno yamenikaa rohoni tangu Jumapili. Kuna kijana alinisimamisha nje ya kanisa akaniuliza, mama, mimi nimeokoka, mbona ikifika Jumatatu najiona kama sijaokoka? Hilo swali mi nimelibeba miaka 4.

Hiyo miaka yote nlikuwa nauza mitumba, na kwa kile kibweta cha pesa, chini ya noti, kulikuwa na hirizi ya kuvuta wateja, shangazi alinipa nlipofungua biashara, na juu yake nimeweka Biblia ndogo. Sikuwa naiamini hata, lakini kuitoa ndio sikuweza, najiambia haina madhara, ikae tu. Na hapo ndio nataka mnisikize vizuri. Kusitasita si kukosa mafundisho, mafundisho nlikuwa nayo, kesha zote niko, mistari naitaja bila kufungua. Kusitasita ni kuweka akiba. Unampa Mungu moyo alafu unajiwekea kitu pembeni endapo atachelewa. Nabii Eliya pale mlima Karmeli hakuwauliza watu kama wanamjua Mungu, aliwauliza mtasita-sita katikati ya mawazo mawili hata lini, na Biblia inasema hawakumjibu neno. Kile kimya nakijua mimi, ni cha mtu ambaye jibu analo.

Sasa tafuta yako ni gani. Kwa mwingine ni namba fulani kwa simu, kwa mwingine ni klabu Mtwapa kila mwisho wa mwezi, na kuna wale wa kuhama kanisa kila pasta akigusa pale panapouma, leo yuko Bamburi, wiki ijayo Likoni, mkutano ukiwekwa Tononoka yuko mbele, na kila mahali ni mgeni, na mgeni haulizwi kitu. Kaa kanisa moja walau mwaka mzima, watu wakujue, ukikosa waulize uko wapi.

Na usiitoe peke yako. Mimi nlijaribu mara mbili peke yangu, naitupa jioni asubuhi naifuata. Ya tatu nikamwita mama mmoja wa felowshipu yetu, tukaomba pale pale kibandani tukaenda tukaichoma, yeye ameshuhudia, sasa ningerudi kwa nani?

Lakini siwafichi, wiki ile biashara ilishuka, na mtoto akashikwa na homa. Shangazi akapiga simu, si nlikwambia! Usiku huo nliogopa sana, nlikaa kitandani namshika mtoto paji la uso nikiwaza nani atanipatia ingine. Asubuhi nikampeleka hospitali, akapimwa, malaria, akapewa dawa akapona. Kwa hivyo mtu akiumwa mpeleke hospitali, msianze kutafuta ishara kwa kila homa, na msidhani woga unaondoka siku ile umeamua. Mi kwetu ni Rabai, tumekua tukisikia habari za Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844 na mwaka huo huo akamzika mke wake na mtoto mchanga, upande huu huu wa Nyali. Hakupanda meli akarudi kwao. 1846 mmisionari mwenzake Rebmann akaja wakaanza kazi Rabai, na Rebmann mwenyewe alikaa huku miaka 29 mpaka macho yakapotea. Nlikuwa nikisikia hiyo hadithi utotoni naona ni ya wazungu wa zamani tu, usiku ule wa homa ndio niliielewa.

Kitu kingine, msichanganye maswali na kusitasita. Ukiwa na swali uliza, yule baba kwenye Marko 9 alilia naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, na Yesu hakumfukuza, mtoto wake aliponywa.

Alafu mkikaa na majirani Waislamu, na Mombasa utakaa nao tu, muwaheshimu, msigeuze kila mazungumzo kuwa mdahalo. Jirani yangu wa kibanda ni Muislamu, adhana ikilia anafunika nguo zake anaenda, hata kama mteja ameshika pesa mkononi. Miaka 4 nimeangalia hiyo kitu nikiwa mimi naahirisha maombi kwa sababu ya mteja wa shati la shilingi mia. Sijui kama yuwajua vile amenifundisha.

Asubuhi kabla ya kufungua nasoma Marko, mlango mmoja, si mrefu, na naomba kwa sauti hata kama ni kwa kunong'ona, kwa sababu nikiomba kimoyomoyo akili inaenda kwa madeni.

Yule kijana nlimwambia aje Jumatano. Alikuja, akatoa simu mfukoni akaiweka katikati yetu kwa benchi, akasema mama, iko humu, lakini nisaidie kuifuta, mkono wangu unakataa.