Maswali yenu: msuko, wahusika na anayesimulia

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanaoanza kuandika hadithi fupi.

Mwalimu anasema hadithi na msuko ni vitu viwili. Mimi naona ni kimoja. Nani yuko sahihi?

Mwalimu. Hadithi ni matukio yanayofuatana kwa wakati. Msuko ni matukio yaleyale yakiwa yamefungwa kwa sababu na matokeo. E. M. Forster, mwandishi wa Uingereza, alivitenganisha viwili hivyo katika mihadhara yake ya Cambridge mwaka 1927, na maelezo yake bado yanafaa. Tazama: mlinzi alisinzia, ghala likaibiwa, mke wake akaondoka. Hayo ni matukio matatu kwenye foleni. Sasa tufunge: mlinzi alisinzia kwa kuwa mchana alifanya kibarua cha pili ili alipe deni alilomficha mkewe. Wizi ulipochunguzwa, deni likafichuka. Mke aliondoka kwa sababu alifichwa. Deni lenyewe angelivumilia.

Kipimo kingine ni cha zamani zaidi, cha Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: ondoa tukio moja. Kama mengine yanabaki yalivyo, hilo halikuwa sehemu ya msuko.

Je, lazima hadithi ipite ngazi zote tano, kuanzia utangulizi mpaka kilele na suluhisho?

Hapana. Mchoro wa ngazi hizo, wenye umbo la piramidi, unatokana na Mjerumani Gustav Freytag, aliyeutoa mwaka 1863 akichambua tamthilia, hasa tanzia zenye sehemu tano. Hadithi fupi ya kurasa sita haikuwa akilini mwake. Unaweza kuanzia jirani kabisa na kilele na kuishia palepale. Usichoweza kukikwepa ni mgogoro: kuna mtu anataka kitu, na kuna kinachomzuia, hata kama kinachomzuia ni aibu yake mwenyewe.

Nimeambiwa wahusika wangu ni bapa. Ni kosa?

Inategemea ni yupi. Forster huyohuyo ndiye aliyewagawa wahusika kuwa bapa, wenye sifa moja tu, na duara, wenye sura nyingi na wanaoweza kutushangaza, wala hakuwadharau wale bapa. Tarishi anayeleta barua na kuondoka hahitaji kupewa utoto wenye majonzi. Mhusika mkuu ndiye asiyefaa kubaki bapa.

Nafsi ya kwanza au ya tatu? Mimi napenda "mimi" kwa sababu ni rahisi.

Ni rahisi ukurasa wa kwanza tu. "Mimi" hawezi kusimulia asichokiona, asichokisikia wala asichoambiwa. Ndiyo maana rasimu nyingi za nafsi ya kwanza zimejaa watu wanaotega sikio nyuma ya milango! Halafu, "mimi" huyo si wewe. Ana yake ya kusema na yake ya kuficha. Akipotosha mambo, wahakiki humwita msimulizi asiyeaminika, istilahi iliyoletwa na Mmarekani Wayne Booth mwaka 1961, na kwangu hapo ndipo penye utamu wa nafsi ya kwanza. Mlinzi wetu akijisimulia atasema, "Nilifumba macho kidogo tu," ilhali msomaji anaona ghala zima limehamishwa. Hakuna aliyemwambia kwamba mlinzi anadanganya, amejua mwenyewe.

Nafsi ya tatu nayo si moja. Yupo msimulizi maizi, anayejua yaliyo mioyoni mwa wote, na yupo anayemfuata mhusika mmoja tu. Ninachokutana nacho mara nyingi ni kurukaruka: sentensi moja tumo kichwani mwa mlinzi, inayofuata tunajua anachowaza mkewe, bila sababu yoyote. Ukishindwa kuchagua, andika tukio lilelile kwa nafsi zote mbili, kisha soma kwa sauti.

Mandhari niyaeleze kiasi gani?

Kiasi ambacho mhusika angekiona akiwa katika hali yake. Mwenye deni hatazami machweo, anatazama mlango.

Rafiki yangu anasema hadithi yangu haina fundisho. Niliongeze wapi?

Usiliongeze popote. Dhamira hutokana na uamuzi wa mhusika na gharama anayoilipa kwa uamuzi huo. Wasomaji wakibishana kama yule mke alifanya haki kuondoka, suala la uaminifu katika ndoa limeshawafikia, na hukulitaja. Pengine shida ya hadithi yako ni kwamba hakuna anayeamua lolote. Mambo yanamtokea tu mhusika wako. Mpe uamuzi mmoja mgumu, kisha mrudishie rafiki yako asome bila kumwambia ulichobadilisha.