Majaribio ya fizikia nyumbani: chubwi, chumvi na jua la saa sita

Salaam aleikum dada. Umeuliza mwanao wa gredi ya 8 hapo Lamu afanye majaribio gani ya fizikia nyumbani, bila maabara wala vifaa vya bei. Mpe yanayotoa namba. Lile la kusugua puto na kulinatisha ukutani liache: kwa unyevu wa pwani yetu chaji huvuja haraka, na mara nyingi puto huanguka papo hapo.

Anza na pendulumu, yaani kizito kinachobembea kwenye uzi. Tafuta chubwi la kuvulia la gramu 100 hivi na uzi mgumu wa kushonea viatu. Mshipi wa nailoni haufai, unavutika. Kama nyumba ina boriti darini, una mahali pazuri pa kutundika, lakini usiuzungushe uzi kwenye boriti yenyewe. Chubwi likibembea, uzi utakuwa ukijiviringa na kujikunjua, na urefu hautatulia. Ubane kati ya vibao viwili vidogo, kisha upigilie vibao hivyo misumari kwenye boriti.

Pima mita 1 kamili kutoka pale uzi unapobanwa hadi katikati ya chubwi. Funga madirisha, maana upepo wa kusi unatosha kuharibu kila kitu. Vuta chubwi pembeni sentimita 10 tu, uliachilie bila kulisukuma. Weka alama ukutani nyuma ya uzi ulipotulia, na uhesabie hapo, si pembeni. Chubwi hupita hapo kwa kasi, kwa hiyo jicho halibahatishi. Mbembeo mmoja ni kwenda na kurudi. Mbembeo 20 zitachukua takriban sekunde 40.2.

Gawa kwa 20, upate muda wa mbembeo mmoja. Uzidishe kwa wenyewe, kisha gawa 39.48 kwa jibu hilo (urefu usipokuwa mita 1, zidisha 39.48 kwa urefu kwanza). Utapata kama 9.78, ndiyo g, yaani kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kiasi gani kila sekunde. Vitabu huandika 9.8 au 10. Kwetu karibu na ikweta ni 9.78 na kwenye ncha za dunia 9.83, kwa sababu dunia inazunguka na imetuna kidogo katikati.

Akipata 10.8, najua alichofanya: alianza kuhesabu na “moja” alipobonyeza saa ya simu, badala ya “sifuri”. Amepima mbembeo 19 akagawa kwa 20. Akipata 9.6, amepima urefu hadi kwenye fundo, akaacha sentimita 2 za chubwi. Akivuta hadi pembe ya nyuzi 30, jibu litashuka kwa zaidi ya asilimia 3, kwa kuwa kanuni hii ni ya mbembeo ndogo. Kidole kikichelewa sekunde 0.2 katika mbembeo 20, g inakosea kwa asilimia 1. Ahesabu 100, kosa lilelile litashuka hadi asilimia 0.2, ila hapo urefu nao lazima uwe sahihi hadi milimita.

La pili ni yai. Wengi hudhani yai bichi litaelea kwenye maji ya bahari. Likiwa limetagwa karibuni, linazama. Lita ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na yai linahitaji zaidi ya mara tatu ya hiyo. Weka nusu lita ya maji baridi, uongeze chumvi laini kijiko kimoja cha mezani cha kusawazisha kwa wakati, ukoroge hadi iyeyuke yote. Karibu na kijiko cha nne litaanza kuinuka. Likiningʼinia katikati, pima gramu za nusu lita ya maji hayo kwenye mizani ya duka, ugawe kwa 500. Hiyo ndiyo densiti ya yai lenyewe, yaani gramu za kila mililita, kama 1.08. Likielea mapema sana, yai ni la zamani: maji yake yametoka kupitia ganda na hewa imeingia.

La tatu ni la kivuli, nalo linataka tarehe. Lamu jua hupita utosini kabisa kwenye tarehe 14 au 15 Machi na 28 au 29 Septemba. Simamisha bomba la mita 1, ulinyooshe kwa uzi uleule wa chubwi kama timazi. Likiinama nyuzi 1 tu kivuli kinadanganya karibu sentimita 2. Machi kivuli huisha yapata saa 6:25 mchana, Septemba yapata saa 6:07. Asitazame jua.

Anaweza kulinganisha vivuli na mtu wa mbali ili kukadiria mzingo wa dunia, kama alivyofanya Eratosthenes, msomi wa Ugiriki ya kale. Malindi ni karibu mno: tofauti haifiki nyuzi 1, na ukingo wa kivuli wenyewe una ukungu wa karibu sentimita 1 kwa sababu jua si nukta. Tafuteni mtu wa Moyale, kule mpakani na Ethiopia. Jua likiwa juu ya ikweta, adhuhuri kivuli cha bomba la mita 1 kule huelekea kaskazini sentimita 6, na cha Lamu huelekea kusini sentimita 4.