Neema achague bweni lipi Madison?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu amepata nafasi ya kusomea sayansi ya udongo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, Marekani. Ametumiwa fomu ya makazi inayomtaka ayapange mabweni kwa mfuatano wa anavyoyapenda, na aseme pia kama angependa kuingia katika mojawapo ya jumuiya za wanafunzi wanaokaa ghorofa moja na kusoma pamoja. Yeye anataka mabweni marefu ya upande wa mjini, kwa kuwa wenzake wa kundi la WhatsApp wamemwambia kuwa huko ndiko kuliko na uhai. Mimi nahofia kelele na pombe, na ningependa akae na Waafrika wenzake. Baba yake anasema jumuiya hizo ni njia ya kutuongezea ada tu. Sisi tumezoea hosteli za SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapa Morogoro, ambako mtoto akipata kitanda tunamshukuru Mungu. Tumshauri nini? Mama Neema, Morogoro.

JIBU: Mama Neema, pokeeni hongera, wewe na Baba Neema. Mkiitazama fomu hiyo mtadhani inahusu kitanda na kabati, lakini chuo kile kina wanafunzi zaidi ya 45,000, na katika umati wa namna hiyo la kuuliza kwanza ni hili: siku Neema asipoonekana, nani atagundua? Nauliza hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilianza masomo katika chuo kikubwa cha huko, ambacho sitakitaja, nikapangiwa jengo la ghorofa kumi nililolichagua kwa kuangalia picha. Mwezi wa pili nilishikwa na homa, nikalala siku tatu. Mwenzangu wa chumba alikuwa amekwenda kwao, na hakuna aliyebisha hodi. Usiku niliisikia lifti ikipanda na kushuka, imejaa watu wanaocheka, nami hata jina la jirani wa mlango wa pili sikulijua. Kwa hiyo ningependa Neema achague kwanza watu atakaoishi nao, kisha ndipo atazame majengo.

Jumuiya anazoulizwa ni njia ya kuwapata watu hao, na chuo hicho kina haki ya kujivunia historia yake katika jambo hilo. Mwaka 1927 mwanafalsafa Alexander Meiklejohn alianzisha hapo chuo kidogo cha majaribio ndani ya chuo kikubwa, akawaweka vijana wake katika bweni la Adams, kando ya Ziwa Mendota, na walimu wakapewa ofisi humo humo. Mwaka wa kwanza walisoma habari za Athene ya kale, na wa pili wakaigeukia Marekani, na mjadala ulioanza darasani uliweza kuendelea mezani na ngazini. Jaribio lile lilifungwa mwaka 1932, lakini wazo lake ndilo hilo hilo Neema analoliona leo katika fomu. Kwa sasa jumuiya ya namna hii huwa na semina yake ndogo, mwalimu anayewafahamu wanafunzi kwa majina, na shughuli za pamoja nje ya darasa. Kuhusu ada, Baba Neema hajakosea kuuliza, kwa sababu jumuiya nyingine huweza kutoza kiasi cha ziada, nacho asome katika maelezo ya kila moja kabla ya kuiomba. Hata hivyo, kama kiasi hicho si kikubwa kwenu, msikionee uchungu, kwa maana mwalimu anayemjua mtoto wa mwaka wa kwanza kwa jina ni kitu adimu sana katika chuo cha ukubwa huo, ambako somo la kemia hufundishwa katika ukumbi wenye mamia ya watu.

Ziko jumuiya mbili ambazo ningependa azifikirie. Ya kwanza inaitwa GreenHouse, nayo inahusu utunzaji wa mazingira. Makazi yake ni bweni la Leopold, lililopewa jina la Aldo Leopold, mwanazuoni wa uhifadhi aliyeanza kufundisha chuoni hapo mwaka 1933, na jengo hilo lina kitalu cha kioo juu ya paa ambamo wanafunzi hupanda mboga. Ya pili ni jumuiya ya kimataifa iliyomo katika bweni lile lile la Adams, ambako wageni na Wamarekani huishi pamoja. Wewe, Mama Neema, nadhani moyo wako utaiendea hii ya pili, nami sioni ubaya wake. Lakini kama ningekuwa mzazi wa binti huyu ningetamani aiweke GreenHouse mbele. Anakwenda kusomea udongo, na nimeona mara nyingi kwamba watu wanaoshika kazi moja kwa mikono huzoeana upesi kuliko wale walioambiwa tu kwamba wote ni wageni. Binti wa Morogoro anayejua kuotesha mchicha atakuwa na la kuwafundisha wenzake tangu wiki ya kwanza, na hilo humpa mgeni heshima ambayo hakuna karamu ya makaribisho inayoweza kuileta.

Waafrika wenzake atawapata hata wakiwa bweni jingine. Chuo hicho kina idara ya lugha na tamaduni za Afrika iliyoanzishwa mwaka 1964, na Kiswahili hufundishwa hapo, kwa hiyo atakutana na Wamarekani watakaomwamkia "shikamoo" kwa matamshi ya kujitahidi. Kumfungia chumbani na watu wa kwao tangu siku ya kwanza kungemnyima nusu ya kile alichokifuata huko.

Sasa majengo yenyewe. Mabweni ya huko yamegawanyika katika pande mbili. Upande wa ziwa ndiko yaliko Adams, Leopold, Dejope na mengine, mengi yakiwa chini ya miti. Upande wa mjini ndiko yaliko Sellery, Witte, Ogg na Chadbourne, jirani na State Street, barabara ya maduka na migahawa inayokwenda hadi jengo la bunge la jimbo. Neema anaposema huko kuna uhai hakosei, na hofu yako nayo ina msingi, kwani ingawa sheria ya Marekani inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 21, kelele za mwishoni mwa wiki husikika zaidi upande huo. Usimtishe kwa hilo, maana wapo wengi wanaoishi Sellery na kufaulu vizuri, na pombe anayeitaka huipata hata kando ya ziwa.

Kinachonielekeza kwenye ziwa ni masomo yake. Kutoka Leopold hadi jengo la sayansi ya udongo, lililo katika barabara ya Observatory, ni mwendo wa dakika chache, wakati kutoka Sellery ni zaidi ya kilomita moja na kuna kilima katikati. Ni kweli kwamba kemia ya mwaka wa kwanza husomwa karibu na upande wa mjini, kwa hiyo asubuhi nyingine atatembea sana, au atapanda basi namba 80 ambalo halitozi nauli. Avae vizuri, kwa sababu usiku wa Januari joto la Madison hushuka kwa wastani hadi karibu nyuzi 12 chini ya sifuri, na Mendota huganda kiasi cha watu kutembea juu yake.

Kuhusu mtu wa kukaa naye chumba, vyumba vingi ni vya watu wawili. Yale maswali ya saa za kulala na usafi ayajibu kwa ukweli wa maisha yake ya kila siku, asijibu ili apendeze. Kama anaamka saa kumi na moja alfajiri kusali, aseme.

Fomu yenyewe aijaze Neema kwa mkono wake, ninyi mkiwa mmekaa pembeni, kwa sababu mkataba ni wa mwaka mzima wa masomo na kuuvunja katikati ni kazi ngumu. Kabla ya kuuthibitisha aiandikie ofisi ya makazi, aulize kama bweni analolitaka hubaki wazi wakati wa likizo ya Desemba, kwa kuwa Mmarekani atarudi kwao kwa gari na yeye hataweza kurudi Morogoro. Aulize pia kama anaruhusiwa kuingia siku chache kabla ya wengine, kulingana na tarehe ya ndege yake. Na shuka msinunue huku: vitanda vya mabweni ya Marekani kwa kawaida vina urefu wa futi 6 na inchi 8, hivyo ile ya tatu kwa sita itaishia miguuni.