Je, Mungu Anatuhitaji Ili Injili Iwafikie Watu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mshiriki wa kikundi cha uinjilisti kanisani kwetu. Kila Jumamosi, kabla hatujaanza kwenda nyumba kwa nyumba, kiongozi wetu hutusomea Ezekieli 33:8 na kutukumbusha kwamba tusipowaonya watu, damu yao itatakwa mikononi mwetu. Ninakwenda, lakini moyoni ninaona kwamba ninasukumwa na hofu tu. Tena ninajiuliza: ikiwa Mungu ana uwezo wote, kwa nini atuhitaji sisi?

JIBU: Amina, asifiwe milele. Nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la sehemu ya kwanza. Mungu hatuhitaji. Mtume Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba Mungu hatumikiwi kwa mikono ya wanadamu kana kwamba amepungukiwa na kitu, kwa maana yeye ndiye anayewapa wote uzima na pumzi (Matendo 17:25). Kwa hiyo kazi ya kuhubiri haikuzaliwa na upungufu ndani ya Mungu, bali ilizaliwa na upendo wake, na upendo huo ulianza kutuma kabla kanisa halijakuwako. Baba alimtuma Mwana. Baba na Mwana wakampeleka Roho Mtakatifu. Kisha Bwana mfufuka akawaambia wanafunzi waliojifungia ndani kwa hofu: “Kama Baba alivyonituma mimi, mimi nami nawapeleka ninyi” (Yohana 20:21). Hata neno “misheni” linatokana na neno la Kilatini, missio, ambalo kwa karne nyingi wanatheolojia walilitumia kueleza kutumwa kwa Mwana na kwa Roho. Ni katika karne ya 16 ndipo Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, walipoanza kulitumia kwa kazi ya kueneza imani. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulifundisha kwamba kanisa ni la kimisionari kwa asili yake, kwa kuwa chimbuko lake ni kutumwa kwa Mwana na kwa Roho Mtakatifu. Waprotestanti nao walikuwa wamesisitiza jambo hilohilo katika mkutano wao wa mwaka 1952 huko Willingen, Ujerumani.

Tena tunamkiri Mungu mmoja, na aliye mmoja hawezi kuwa mali ya taifa moja. Paulo anauliza wazi kama Mungu ni wa Wayahudi tu, kisha anajibu kwamba ni Mungu wa mataifa pia (Warumi 3:29).

Sasa nirudi kwenye hofu yako. Maneno ya Ezekieli 33:8 ni ya kweli na mazito, nami sithubutu kuyapunguza. Lakini shuka mistari mitatu tu, usome Mungu anavyoapa kwa uhai wake mwenyewe: “sikufurahii kufa kwake mtu mwovu, bali aghairi mtu mwovu, na kuiacha njia yake mbaya, akaishi.” Mlinzi, ambaye sura hiyo inamfananisha na nabii, amewekwa juu ya ukuta kwa sababu yule aliyemweka hataki mtu afe. Anayeshika onyo akaacha sababu yake amemsikia Mungu nusu.

Tazama Yona. Alikwenda Ninawi baada ya kuzidiwa na tufani, akahubiri, na mji mzima ukatubu. Hata hivyo tunamkuta nje ya mji, ameketi kivulini, amekasirika kwa sababu Mungu amesamehe. Ujumbe wake ulifika, ila moyo wake ulikuwa mbali na moyo wa aliyemtuma. Mimi naiogopa hatari hiyo kuliko uvivu wa kutohubiri, kwa kuwa mhubiri anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kuitambua.

Hatari hiyo hukua zaidi inaposhikana na mamlaka. Mwishoni mwa karne ya 8, Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki huko Ulaya, aliwawekea Wasaksoni, watu wapagani aliowashinda vitani, sheria ya kuuawa kwa mtu aliyekataa kubatizwa. Alkuini, mwanachuoni aliyekuwa mshauri wake mwenyewe, aliandika kwamba mtu anaweza kuvutwa kwenye imani lakini hawezi kulazimishwa. Alisema kweli, kwa maana Kristo mwenyewe husimama mlangoni akabisha (Ufunuo 3:20), wala hauvunji mlango.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiache kwenda. Jumamosi, kabla ya kubisha hodi, simama kidogo umwombee mwenye nyumba kama mtu ambaye Mungu alimpenda kabla wewe hujafika kwake. Akikuuliza habari za tumaini lako, mjibu kwa upole, kama Petro anavyoagiza (1 Petro 3:15). Akikataa, mshukuru kwa muda wake na uondoke kwa amani. Na kiongozi wako mwendee kwa heshima, umwombe kwamba siku nyingine anapowasomea mstari ule wa 8, aendelee kusoma hadi wa 11.