Ben Alder kwa baiskeli na miguu: siri ni mahali pa kuiacha baiskeli

Mlima wa Ben Alder una urefu wa mita 1,148, lakini urefu sio unaowashinda watu. Kinachowashinda ni umbali. Kutoka kituo cha treni cha Dalwhinnie, katikati ya Uskoti, hadi pale mlima unapoanza kweli ni karibu kilomita 15. Ukizitembea zitakula zaidi ya saa tatu, halafu upande, ushuke, uzirudie zote jioni magoti yakiwa yamekwisha. Baiskeli inazimaliza kwa saa moja na nusu kwenda na saa moja na kidogo kurudi. Kwa anayeishi Uingereza na kutegemea treni, hiyo ndiyo tofauti kati ya safari ya siku moja na kubeba hema.

Nyika iliyo kati ya barabara na mlima ni udongo mweusi uliojaa maji, nyasi za mashungi na vichaka vifupi vya maua ya zambarau, jamaa wa vile vinavyoota Kilimanjaro ukishatoka msituni. Njia ikiishia hapo, baiskeli inageuka mzigo wa kilo 13 au 14. Kwa hiyo amua nyumbani, ramani ikiwa mezani, utaiacha wapi.

Kanuni ni hii: iache pale njia ya kupandia na njia ya kushukia zinapokutana, usiipitishe hapo hata kama bado inapitika. Kwa Ben Alder pointi hiyo iko karibu na kibanda cha Culra, ambacho kilifungwa kwa sababu ya asbesto, kwa hiyo usikitegemee kama pa kujikinga. Anayenogewa na kusukuma pedali kilomita mbili zaidi hujikuta jioni ameshukia upande mwingine, na baiskeli iko nyuma ya kinamasi.

Barabara inafuata ukingo wa ziwa Loch Ericht kwa karibu kilomita 9 au 10 hadi Ben Alder Lodge, jumba la wenye shamba, na ni ya changarawe iliyoshindiliwa. Kisha inapanda kwa ukali kuelekea Loch Pattack. Shuka usukume pale mapaja yanapoanza kuwaka: dakika tano unazopoteza hapo ni ndogo kuliko zile utakazolipa ukiwa kwenye mwinuko wa mita 900 huna nguvu. Kabla ya kufika Loch Pattack, njia nyembamba inaacha barabara upande wa kushoto na kukata nyika hadi Culra. Siku kavu inapitika kwa baiskeli. Baada ya mvua ya siku mbili utasukuma karibu yote, na magurudumu yatachimba mifereji ambayo haifutiki upesi, basi ni heri kutembea.

Pancha nyingi za njia hii hazitokani na miiba. Zinatokana na mitaro ya mawe inayokata barabara kupitisha maji: tairi lenye upepo mdogo likigonga ukingo wake, rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Tairi la upana wa inchi 2.1 lenye tyubu, kwa mtu wa kilo 70 hivi, lijazwe upepo wa psi 30 nyuma na 27 mbele. Beba tyubu mbili, viraka, pampu, vijiti vya kutolea tairi, kikata mnyororo, kiungo cha akiba na breki pedi za akiba. Changarawe iliyolowa husaga pedi kuliko unavyodhani. Beba pia kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu. Kila fremu ina cha kwake, na kikipinda hakuna duka karibu.

Viatu viwe vya kupandia mlima, pedali ziwe bapa. Viatu vya kunasa kwenye pedali havina kazi juu ya mawe yaliyolowa, na kubeba jozi mbili ni kujitesa.

Ukiiacha baiskeli, ilaze nje ya njia, upande wa mnyororo ukiwa juu, gia ikiwa kwenye nyepesi. Funika tandiko kwa mfuko wa plastiki. Maeneo ya Loch Pattack huwa na farasi, na farasi hupenda chumvi ya jasho iliyoganda kwenye tandiko na mishikio. Helmeti isiachwe imepinduliwa, itakuwa bakuli la mvua. Hifadhi pointi kwenye GPS, kisha funga utepe wa rangi kali kwenye usukani, maana ukungu ukishuka vichaka vyote vinafanana. Ufunguo wa kufuli uingie kwenye mfuko wenye zipu, tena umwambie mwenzako ni mfuko upi.

Toka hapo bila kuvuka mto kwenda kibandani. Fuata njia inayoelekea Loch a' Bhealaich Bheithe, uvuke kijito kinachotoka ziwani, ukamate mgongo wa mlima uitwao Long Leachas. Kuna mahali pa kutumia mikono, si pagumu. Kijito hicho kikiwa kimefura, geuka. Kileleni ni uwanda mpana usio na alama nyingi, na upande wa mashariki unakatika ghafla kwenye magenge. Theluji ya ukingoni huning'inia bila chochote chini yake, mara nyingine mpaka mwezi wa tano. Dira na ramani ya karatasi (namba 42 ya mfululizo wa Landranger) si mapambo hapa. Kushuka, elekea kusini hadi Bealach Breabag, pengo kati ya milima, kisha rudi kwa njia ya kando ya ziwa; itakutoa pale pale baiskeli ilipo.

Ukiondoka Dalwhinnie saa mbili asubuhi, uwe kileleni kufikia saa saba mchana. Saa nane ikikukuta bado unapanda, rudi.

Sheria ya Uskoti ya 2003 inakuruhusu kupita kwa miguu au kwa baiskeli mradi usilete madhara. Hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba kuna uwindaji wa kulungu, kwa hiyo soma matangazo ya wenye shamba. Simu hukosa mtandao sehemu kubwa ya njia. Kabla ya safari tuma neno "register" kwenda 999, namba ya dharura ya Uingereza, ili ukipata mtandao hafifu uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi.

Unaporudi, jaribu breki kabla ya mteremko wa kwenda Ben Alder Lodge, si katikati yake. Halafu upepo: Loch Ericht imelala kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi, na upepo wa kawaida hutoka kusini-magharibi. Asubuhi utakupiga usoni, jioni utakusukuma mgongoni. Utabiri ukisema unatoka kaskazini, ongeza nusu saa kwenye hesabu ya kurudi. Na nafasi ya baiskeli kwenye treni iwekwe mapema, kwani ni chache.