Je, nafasi za herufi kwenye bango zipimwe kwa rula?

SWALI: Nimebuni bango la duka mjini Kampala kwa fonti ya kijiometri, ile yenye O ya duara na A iliyochongoka. Neno VITAMBAA linaonekana kama limekatika vipande. Mchapaji wa Nasser Road ameniambia nipime kwa rula ili nafasi zote ziwe sawa, kisha nilivute neno lijaze upana wa bango. Nimepima, lakini tatizo liko palepale.

JIBU: Rula ndiyo iliyokupoteza. Kazi za namna hii naletewa mara kwa mara, na nyuma yake huwa kuna dhana ileile, kwamba fonti yenye sura ya duara na mstari imekwisha kukamilika kihesabu. Hata Futura, fonti ya mbunifu Paul Renner iliyotolewa Ujerumani mwaka 1927 na ambayo wengi huidhani kuwa kazi ya bikari tupu, ina O inayopita kidogo juu na chini ya kimo cha H, kwa kuwa duara lenye kimo sawa na H huonekana dogo kuliko H yenyewe.

Katika neno lako, T na A zinaacha uwazi mkubwa chini ya mkono wa T, ilhali M na B zinakabiliana kwa nguzo mbili. Ukizipa jozi hizo milimita zilezile, ya kwanza itaonekana imeachana na ya pili imebanana. Iingize A chini ya mkono wa T, ipe M na B nafasi zaidi, kisha ligeuze neno juu chini ili uache kulisoma na uanze kuuona weupe uliomo kati ya herufi.

Huo ushauri wa kulivuta neno utupe. Nguzo zitanenepa, mikono itabaki ilivyo, O itakuwa yai, na fonti uliyoichagua kwa ajili ya duara lake haitakuwepo tena. Wanaoshauri hivyo hujiita wabunifu kwa kuwa kompyuta zao zimejaa fonti za bure, na ndio hao huipanga fonti ya bango katika aya nzima ya kipeperushi, mahali ambapo a ya duara hufanana na o na msomaji hubaki kubahatisha. Nyingi kati ya fonti hizo hazina hata herufi ŋ ya Kiganda, na programu huiazima kimyakimya kutoka fonti nyingine. Nimewahi kuona kadi ya mwaliko ambamo neno eŋŋoma lilikuwa na ŋ mbili nyembamba katikati ya herufi nene, na kadi zote zilikuwa zimeshachapwa na kulipiwa.