Maswali ya Wasomaji: Kahawa ya Barazani na Kahawa ya Nyumbani

SWALI: Asalaam aleikum. Kahawa ninayopika nyumbani ni buni ile ile na tangawizi ile ile ya Jaws Corner, baraza la Mji Mkongwe, Zanzibar, lakini nikiinywa peke yangu haina utamu wa barazani. Tatizo ni ulimi au ni akili? (Msomaji, Mkunazini)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Kwanza liangalie dele, birika la kahawa. La muuza kahawa halibanduki kwenye makaa, na kahawa humiminwa kidogo kidogo kwenye kikombe kidogo, kwa hiyo kila funda ni la moto. Nyumbani watu hujaza kikombe kikubwa, ikifika nusu imeshapoa. Sawazisha hayo kwanza: kikombe kidogo, makaa machache chini ya dele, kashata pembeni.

Ukishasawazisha, bado tofauti itabaki, na hiyo si ndoto yako. Mwaka 2014 Erica Boothby, Margaret Clark na John Bargh wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwaonjesha watu chokoleti. Safari moja mwenzake mwonjaji naye alikuwa akionja chokoleti hiyo hiyo. Safari nyingine mwenzake yuko hapo hapo, lakini anatazama picha za kuchora. Hawakusemeshana hata neno. Walipoonja pamoja, waliiona tamu zaidi. Katika jaribio jingine ikaletwa chokoleti chungu isiyopendeza, na hapo kuonja pamoja kukaifanya iwachukize zaidi.

Kwa hiyo mwenzio haongezi sukari. Anachofanya ni kuivuta akili yako irudi kwenye kile mnachoonja, na kizuri kikazidi uzuri, kibaya kikazidi ubaya. Ndiyo maana kahawa iliyoungua, ile ya buni zilizokaangwa kupita kiasi, ni aibu kubwa zaidi mbele ya mgeni kuliko ukiinywa peke yako. Kaanga buni nyingine.

Jaribu hivi nyumbani: mimina vikombe viwili kwa pamoja, kimoja chako na kimoja cha mkeo au jirani, mpige funda la kwanza wakati mmoja, na simu zikae chini mpaka kikombe kiishe. Wengi hukosea hapa. Mmoja anakunywa, mwenziwe kashika simu, halafu wanasema wamekunywa pamoja. Huyo wa simu ni sawa na yule aliyekuwa akitazama picha. Akiwa ni mtu usiyemjua, anzeni kwa mazungumzo kidogo. Utafiti uliofuata ulionesha kwamba athari hii hupatikana zaidi kwa watu waliokwisha kuzoeana japo kidogo.

SWALI: Kila Julai naenda Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, nikarikodi kila kitu kwa ajili ya kundi letu la WhatsApp. Nikirudi nyumbani naona kama sikwenda. Je, niache kupiga picha? (Msomaji, Kibuteni)

JIBU: Usiache, dada. Badilisha nia na wakati. Utafiti wa Alixandra Barasch na wenzake, uliotoka 2018, uligundua kwamba anayepiga picha ili awaoneshe watu mtandaoni hafurahii kama anayejipigia kwa kumbukumbu zake. Wa kwanza anafikiria atakavyoonekana. Wakati wa kupigana kwa migomba piga picha tatu tu, kisha tia simu mkobani. Kibanda cha makuti kikiwashwa moto, kitazame kwa macho yako: makuti makavu hayakawii kuteketea, na wakati unatafuta pembe nzuri kimeshaanguka. Picha zitume usiku. Kama kundi linataka video, chagueni mtu mmoja wa kurikodi, na kila mwaka abadilike.

SWALI: Nimerudi kutoka Muscat na mambo mengi ya kusimulia, lakini barazani hakuna anayeuliza. Wanazungumza mchezo wa ng'ombe, watu kupambana na fahali, uliochezwa wiki ile nilipokuwa sipo. Wivu? (Msomaji, Wete)

JIBU: Hatudhani, ami. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwaweka watu wannewanne. Mmoja akaoneshwa filamu nzuri, watatu filamu ya kawaida. Baadaye, walipokaa kuzungumza, aliyeona nzuri ndiye aliyejisikia vibaya, kwa sababu watatu walikuwa na la pamoja na yeye hana. Waulize wewe kwanza: ng'ombe gani aliwika, nani alitupwa? Kisha weka sahani ya halua ya Muscat katikati, kila mtu amege. Wakishaanza kubishana kama imeishinda ya Wete au la, safari yako itaulizwa.